Anza na Mwezi, Uso Baadaye: Vidokezo vya Kutazama Picha za Wanawake wa Edo

Msichana anakimbiza vimulimuli gizani, upepeo mkononi. Wanawake watatu wamesimama kando ya mto jioni ya joto, upepo ukicheza na mapindo ya mavazi yao. Mwingine ameinua kichwa kuutazama mwezi. Picha za namna hii zilichongwa kwenye mbao na kuchapwa kwa wingi katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, hasa kuanzia miaka ya 1760 mpaka mwisho wa karne ya 19. Siku hizi unaweza kuzifungua kwenye simu bila malipo. Shida ni kwamba mtazamaji mpya hupitisha macho kwenye picha ishirini, akaona uso uleule mara ishirini, akafunga na kwenda zake. Anakosa mengi, na vidokezo hivi vimeandikwa ili akae kidogo.

1. Tafuta mwezi kwanza

Wachoraji wa Edo hawakuhangaika na sura ya binti fulani wa mtaa fulani. Kila mmoja alikuwa na uso wake wa urembo, akaurudia kwa karibu kila mwanamke aliyemchora. Uso wa Suzuki Harunobu ni mdogo, wa kitoto. Wa Torii Kiyonaga ni mrefu na mtulivu. Kitagawa Utamaro ndiye aliyesogea karibu zaidi, akachora kichwa na mabega tu, na hata kwake tofauti ya mwanamke mmoja na mwenziwe ni ndogo mno: mteremko wa pua, unene wa kidevu.

Kwa hiyo uliza swali jingine: huu ni mwezi wa ngapi? Jibu limo pichani karibu kila mara. Wasichana wakipiga kwa vibao vya mbao kitunda kidogo chenye manyoya, ni Mwaka Mpya. Matawi makavu yasiyo na jani lakini yana maua ni plamu, na baridi haijaondoka bado. Wanasesere waliopangwa kwenye rafu ni siku ya tatu ya mwezi wa tatu. Mikeka iliyotandikwa chini ya maua ya cheri ni mwezi huohuo. Vipande vya karatasi vilivyofungwa kwenye mwanzi ni siku ya saba ya mwezi wa saba. Nyasi ndefu ndani ya chombo, na pembeni yake tonge ndogo za unga wa mchele, ni usiku wa kutazama mwezi, mwezi wa nane. Majani mekundu ya mepo ni vuli inayokwisha. Na ukiona watu wamejifunga vitambaa kichwani wakipiga vumbi kwa matawi ya mianzi, huo ni usafi wa kufunga mwaka, siku ya kumi na tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Utamaro aliutengenezea picha ya karatasi tano, nyumba nzima imepinduliwa, na ni miongoni mwa kazi zake zenye uhai mkubwa kabisa.

Ukishaujua mwezi, picha inaanza kusema. Huyu anayejikunja chini ya mwavuli anakimbia mvua gani? Yule aliyeacha kifua wazi kidogo ametoka kwenye joto la namna gani? Kwa kawaida mchoraji amekwisha kujibu.

2. Acha kalenda yako ya ukutani

Japani ilihesabu miezi kwa mwandamo mpaka mwisho wa 1872. Mwezi ulikuwa na siku 29 au 30, jambo ambalo kila anayefunga Ramadhani analijua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba Wajapani waliongeza mwezi mzima wa ziada kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili miezi isihame kutoka kwenye majira yake. Ndiyo maana mwezi wao wa kwanza uliangukia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, na wa saba ukafika karibu na Agosti. Usishangae basi kuona salamu za majira ya kuchipua kwenye picha ya Mwaka Mpya.

Faida nyingine: siku ya kumi na tano ya mwezi wowote ni mwezi mpevu. Ukiambiwa tarehe, umekwisha kuijua anga.

3. Tafuta tarakimu zilizofichwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo picha za rangi nyingi zilipozaliwa.

Miezi mirefu na mifupi haikufuatana kwa mpangilio uleule kila mwaka. Mfanyabiashara mwenye madeni ya mwisho wa mwezi alilazimika kujua kama mwezi huu una siku 29 au 30. Kuchapa kalenda hata hivyo hakukuwa ruhusa ya kila mtu. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliwapa wachache tu leseni. Watu wenye fedha na mapenzi ya ushairi wakatafuta njia ya kupenyea: waliagiza picha nzuri za faragha ambazo tarakimu za miezi mirefu zimefichwa ndani ya michoro, wakabadilishana kwa marafiki kila mwanzo wa mwaka. Mwaka 1765 mashindano hayo yalipamba moto. Kila kundi lilitaka karatasi nene zaidi, rangi nyingi zaidi, fumbo gumu zaidi, na mchoraji aliyeandamwa kuliko wote alikuwa Harunobu.

Itafute picha yake ya mvua ya ghafla ya mwaka huo. Dhoruba imemkuta msichana hajaanua nguo. Amekimbia nje, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, upepo umeshika mapindo yake, naye ananyoosha mikono kuelekea vazi lililotundikwa kwenye mwanzi. Tazama vazi hilo. Yale yanayoonekana kuwa nakshi za kitambaa ni maandishi ya mwaka na miezi mirefu. Kitu cha kawaida kabisa, nguo iliyoanikwa, kimebeba mwaka mzima, na bado ukiwa huijui siri hiyo hukosi chochote cha ile mbio na ule upepo. Sijui picha nyingi za kipimo kile zenye akili kiasi hicho.

Sherehe zilipokwisha, wachapishaji walizifuta alama za kalenda kwenye baadhi ya vibao na kuziuza picha kwa umma. Mji ukaonja rangi, na kuanzia hapo haukurudi tena kwenye picha za rangi mbili tatu.

4. Nenda nao baharini wakati wa bamvua

Msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja ana macho ya ziada kwa kidokezo hiki. Siku ya tatu ya mwezi wa tatu mwezi umeandama juzi tu, bamvua liko kwenye nguvu yake, na majira hayo maji hupwa sana wakati wa mchana. Bahari ya Shinagawa na Susaki ilirudi nyuma ikaacha uwanda wa matope na mchanga, na watu wa Edo wakatoka kwa familia nzima kwenda kuokota kombe. Mchezo huo huitwa shiohigari.

Picha zake huzitambui kwa bahari bali kwa miguu. Wanawake wamepandisha mapindo mpaka gotini, jambo ambalo barabarani lisingewezekana, na wamefunga mikono mirefu ya mavazi isilowe. Mtoto ana kikapu. Kwa mbali mashua zimekaa juu ya mchanga zikisubiri maji yajae. Angalia rangi ya mavazi dhidi ya ule uwanda mtupu wa kijivu: mchoraji hakuhitaji mandhari nyingine.

Utamaro alikipenda kisa hiki kiasi cha kukitengenezea kitabu kizima. Mwaka 1789 hivi mchapishaji Tsutaya Juzaburo alitoa kitabu cha mashairi ya vichekesho kuhusu makombe, Shiohi no tsuto, chenye picha za Utamaro. Ukurasa wa kwanza wa picha ni watu pwani wakiokota. Kurasa zinazofuata ni makombe yenyewe, na ndani ya uchapaji wake kuna unga wa ulanga na madini unaofanya gamba ling'ae ukilipindua kidogo kwenye mwanga. Ukurasa wa mwisho tumeingia ndani ya nyumba, ambako wanawake wamekaa kuzunguka makombe wakicheza mchezo wa kuoanisha. Nusu mbili za kombe moja hushikana zenyewe kwa zenyewe na hazikubali nusu nyingine, na kwa sababu hiyo makombe ya mchezo huo yaliingia kwenye vyombo vya bibi harusi wa familia kubwa. Kutoka matopeni hadi sebuleni, kitabu kimekwisha. Utamaro wa nyuso kubwa ndiye maarufu, ila mimi namtaka huyu wa makombe.

5. Lisome vazi, lakini jihadhari na theluji

Kwa wanawake wa pwani yetu kanga husema kabla mvaaji hajafungua kinywa. Kimono nayo husema, ila yake ni majira, umri na hadhi. (Kuna uhusiano wa kweli wa kiwanda pia: katikati ya karne ya 20 kanga nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilichapwa Japani.) Mikono mirefu inayokaribia ardhi ni ya binti asiyeolewa. Meno yaliyopakwa rangi nyeusi na nyusi zilizonyolewa ni za mke. Mshipi uliofungwa mbele kwa fundo kubwa mara nyingi ni wa mwanamke wa danguro. Mdomo wa chini wenye mng'ao wa kijani ni mtindo wa miongo ya mwanzo ya karne ya 19: rangi nyekundu ya maua ikipakwa nene sana hung'aa kijani, na kwa kuwa ilikuwa ghali, mdomo wa kijani ulitangaza fedha. Keisai Eisen aliwachora wengi.

Mtego uko kwenye nakshi. Mwaka 1832 Doi Toshitsura, mtawala wa Koga, alichapisha kitabu cha maumbo ya chembe za theluji alizozitazama kwa hadubini. Mji ukazipenda, na nakshi za theluji zikaingia kwenye mavazi, hata mepesi ya kiangazi, kwa kuwa macho yakiona baridi mwili nao hujihisi nafuu. Kwa hiyo theluji juu ya nguo haithibitishi majira ya baridi. Theluji juu ya mwavuli inathibitisha.

6. Fuata mikono na miguu

Nyuso zimetulia, hisia zimehamia kwingine. Vidole vinavyobana ukingo wa upepeo, mguu uliokunjwa ndani kwa sababu ya baridi, jino linalouma pindo la kitambaa ili mikono ibaki huru. Eishosai Choki ana picha ya miaka ya 1790 ya mwanamke na mtoto kwenye uwindaji wa vimulimuli, usiku mweusi nyuma yao ukiwa na chembechembe za ulanga. Ukiiangalia sura ya mwanamke hutapata habari yoyote. Iangalie miili miwili, mmoja unaojitupa mbele na mwingine uliotulia, na kisa chote kiko hapo.

7. Uliza kama kuna karatasi iliyopotea

Karatasi ya kawaida ya picha hizi, oban, ina urefu wa sentimita 39 hivi na upana wa 26. Mchoraji aliyetaka uwanda mpana aliunganisha karatasi mbili, tatu, hata sita, lakini duka liliuza pia moja moja, hivyo kila moja ililazimika kupendeza peke yake. Matokeo yake ni kwamba leo karatasi ya kushoto inaweza kuwa Marekani na ya kulia Ulaya. Ukiona mashua iliyokatwa katikati au mwanamke anayemgeukia mtu asiyekuwepo, tafuta jirani yake.

Picha za jioni za kiangazi ndizo zinazofaidi upana huu zaidi. Kuanzia siku ya 28 ya mwezi wa tano mto Sumida ulifunguliwa kwa mashua za starehe, na karibu na daraja la Ryogoku fataki zilirushwa. Kiyonaga, katika miaka ya 1780, aliwapanga wanawake wake warefu kando ya maji wakipunga upepo, wakitembea polepole, vitambaa vyao vyepesi vikionyesha nguo ya ndani. Utamaro baadaye akaja na karatasi sita: tatu za juu ni umati wa wanawake darajani wakiinamia ukingo, tatu za chini ni mashua zinazopita chini yao. Zipange zote sita kwenye skrini moja. Wa juu wanawatazama wa chini, wa chini wanatazama juu, na joto la usiku ule unalihisi shingoni.

8. Ingia ndani ya nyumba

Majira hayako nje tu. Wachina walikuwa na desturi ya zamani ya kuchora mandhari nane za ziwa na milima: mwezi wa vuli, theluji ya jioni, bata bukini wakitua, mashua zikirudi, na nyinginezo. Wajapani wakaichukua. Mwaka 1766 hivi Harunobu aliihamishia sebuleni. Katika seti yake ya mandhari nane za chumba, mwezi wa vuli ni kioo cha kujitazamia. Matanga ya mashua zinazorudi ni taulo kwenye kiango. Bata bukini wanaotua ni vigingi vinavyoinua nyuzi za koto, ala ya muziki inayopigwa na msichana. Theluji ya jioni ni pamba laini inayotandazwa.

Hakuna mlima wala ziwa. Kuna wanawake wawili wawili wanaofanya kazi na mapumziko ya kila siku, na ulimwengu mzima wa ushairi umeshushwa mpaka kwenye vyombo vya nyumbani mwao. Ukipata muda wa seti moja tu, chukua hii.

9. Uliza starehe ni ya nani

Usiliruke swali hili kwa kuwa picha ni nzuri. Wanawake wengi wanaoonekana wakifurahia maua na mwezi walikuwa wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliozungukwa na mfereji na wenye lango moja. Wengi waliingizwa humo wakiwa watoto, wamewekwa rehani na wazazi maskini kwa mkopo ambao wao ndio walioulipa kwa miili yao. Hawakutoka kwenda kutazama cheri. Cheri ndiyo iliyoletwa kwao: kila mwezi wa tatu miti mizima iliyokaribia kuchanua ilisafirishwa na kupandwa katika barabara kuu ya mtaa, na maua yalipopukutika miti iling'olewa ikaondolewa. Katika picha huoni hilo. Unaona uchochoro wa maua.

Sikukuu nazo zilikuwa biashara. Siku maalumu za mwaka bei ilipanda mara mbili, na mwanamke alitakiwa ahakikishe ana mteja. Akimkosa, gharama iliongezwa kwenye deni lake mwenyewe. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu ambao mchoraji ameuchora kwa upole ulikuwa kwa wengine usiku wa hofu. Na picha zenyewe zilisaidia kuutangaza mtaa. Tsutaya Juzaburo alizaliwa Yoshiwara, akafungua duka mbele ya lango lake, na alichapisha vitabu vya kuwaelekeza wageni humo kabla hajawa mchapishaji wa Utamaro.

Kuna swali dogo la aina hiyohiyo hata kwenye picha za familia za mjini. Mtazame anayebeba. Katika karibu kila picha ya matembezi kuna mtumishi mwenye furushi, sanduku la chakula au mtungi wa sake, amesimama hatua moja nyuma, amepakwa rangi chache zaidi. Naye yuko chini ya maua yaleyale.

Na karibu wachoraji wote hawa ni wanaume. Ukitaka jicho la mwanamke, tafuta Katsushika Oi, binti wa mchoraji Hokusai. Kazi zake chache zilizobaki ni za brashi, lakini ile ya Yoshiwara usiku, iliyoko kwenye makumbusho ya Ota, Tokyo, inakaa vizuri sana kando ya picha za kuchapwa: watazamaji wamesimama gizani nje ya fito za danguro, wanawake wameketi ndani kwenye mwanga mkali, na fito hizo nyeusi zimepita mbele ya nyuso zao. Yeye alizichora fito.

10. Soma pembe za karatasi

Sahihi ya mchoraji iko pembeni, na karibu nayo alama ya mchapishaji. Kuanzia 1790 utaona pia muhuri mdogo wa mviringo wa mkaguzi, maana serikali ilitaka kuona kila mchoro kabla haujachongwa. Kuanzia 1852 mihuri hutaja mwaka kwa jina la mnyama, pamoja na mwezi, ikawa rahisi kujua tarehe.

Wakati mwingine pembe ina ujanja. Mwaka 1793 ilipigwa marufuku kuwataja kwa majina wanawake wa mjini wasio wa madanguro, kama vile wasichana wa migahawa ya chai waliokuwa gumzo la mji. Utamaro akachora kisanduku chenye mafungu mawili ya mboga, mshale, bahari na shamba la mpunga. Ukivitaja kwa sauti kwa Kijapani, umelitaja jina la Okita wa mgahawa wa Naniwaya. Mwaka 1796 na ujanja huo ukakatazwa. Mwaka 1804 alikamatwa kwa picha za mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi, akafungwa pingu siku 50. Alifariki 1806.

11. Wakumbuke mafundi wasiotiwa sahihi

Mchoraji alitoa mchoro kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchonga mbao aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga kuuzunguka kila mstari, na mchoro wa asili ukaangamia katika kazi hiyo. Kisha kila rangi ikachongewa ubao wake. Mpiga chapa alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi ya maganda ya mforsadi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Vipengee viwili vilivyochongwa kwenye kila ubao, kimoja pembeni na kingine ukingoni, vilishika karatasi pale pale kila mara, na ndivyo rangi kumi zilivyoweza kukutana bila kupishana.

Vuta picha kwa vidole mpaka uone nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Kila unywele ni ukuta mwembamba wa mbao uliobaki baada ya kisu kupita pande zote mbili. Kazi hiyo waliachiwa mabingwa tu.

12. Usidhani rangi unayoiona ndiyo waliyoiona wao

Rangi za karne ya 18 zilitokana zaidi na mimea, na mwanga huziua. Buluu ya maua iliyotumiwa na Harunobu hugeuka kuwa ya mchanga mchanga, na zambarau iliyochanganywa nayo huwa kahawia. Anga la manjano hafifu unaloliona huenda lilikuwa buluu. Buluu imara ya kiwandani ilienea kuanzia mwaka 1830 hivi, na nyekundu kali za kemikali zikaja baada ya Japani kufungua bandari zake.

Kuna mkusanyiko mmoja unaoonyesha hali ya mwanzo. Ndugu wawili, William na John Spaulding, waliikabidhi Makumbusho ya Sanaa ya Boston zaidi ya picha 6,000 mwaka 1921, kwa sharti kwamba zisitundikwe kamwe kwenye maonyesho. Sharti hilo linaweza kuudhi, lakini limelinda rangi zake. Zimepigwa picha za kidijitali, kwa hiyo unaweza kuziona kwenye simu hata kama ukutani hazitawekwa. Ukipata picha ileile ya Harunobu kutoka kwa Spaulding na kutoka mahali pengine, ziweke ubavu kwa ubavu.

Kama unayo picha ya kuchapwa nyumbani, itundike mbali na dirisha na uipumzishe kabatini kwa miezi kadhaa kila mwaka. Na kabla ya kununua, iangalie kwa lenzi: ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu safu, ni ya mashine. Ya mbao ina rangi iliyozama kwenye nyuzi, na mgongoni utaona alama za kusugua.

13. Usiishie Edo

Serikali ya shogun ilianguka 1868, treni na taa za gesi zikaingia pichani, na hapo ndipo watu walipoanza kuyatamani majira ya zamani. Toyohara Chikanobu, kati ya 1894 na 1896, alitoa mfululizo wa picha za karatasi tatu tatu, Chiyoda no Ooku, unaoonyesha wanawake wa ndani ya kasri ya shogun wakitazama maua, wakicheza michezo ya Mwaka Mpya, wakifurahia theluji. Zamani kuchapa mambo ya ndani ya kasri kusingekubalika. Rangi zake ni kali kuliko za Kiyonaga, na wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo. Mimi naona zinafaa kabisa kwa kumbukumbu ya jambo lililokwisha kupotea.

14. Chagua mchezo mmoja na uufuatilie

Kurukaruka kutoka picha hadi picha huchosha. Chukua mchezo mmoja tu na utazame mikono mitano tofauti ikiuchora. Maneno ya kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia ni haya: hanami kwa maua ya cheri, hotarugari kwa vimulimuli, shiohigari kwa kuokota kombe, tsukimi kwa mwezi, yukimi kwa theluji, hanetsuki kwa mchezo wa vibao wa Mwaka Mpya. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, Art Institute of Chicago, Maktaba ya Bunge la Marekani na Rijksmuseum ya Amsterdam zote zina picha hizi mtandaoni, nyingi kwa ukubwa wa kuridhisha. Tovuti ya ukiyo-e.org inakusanya picha za makumbusho mengi mahali pamoja, na ukiipa picha uliyonayo hukutafutia nakala zake nyingine. Kwa shiohigari, anza na Boston.